Nilimpakulia Mdogo Wangu Peke Yake

Nianze na lile baya zaidi, maana nikianza na mengine nitakimbia njiani. Nilimwonea wivu mgonjwa. Si mali yake, hakuwa na mali. Si uzuri wake, tulifanana. Niliuonea wivu ugonjwa wenyewe.

Nichekeni tu. Hata mimi siku nyingine najicheka, halafu kicheko kinanikwama.

Jina langu sitaliandika. Wanaonijua watanijua wakifika katikati, na hao wana haki ya kunijua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana kuandika nilijifunza mapema, na mtaona huko mbele kwa nini nalitaja hili kwa majivuno ya kijinga. Sasa ni bibi, meno yamebaki machache, lakini jambo hili halijazeeka nami.

Kwetu ni Idete, bonde la Kilombero. Nyumbani tulikuwa baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu wa kike niliyempita miaka miwili. Nitamwita Kadia. Baba alilima mpunga na kuvua samaki. Wakati ule, miaka ya hamsini, mvua kubwa zikianza familia nzima inahama. Tulifunga nyumba ya kijijini, tukavuka mto kwa mtumbwi, tukakaa shambani kwenye dungu, kile kibanda kinachojengwa juu ya miti ili maji yapite chini. Tulikaa huko miezi mpaka mpunga uvunwe. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Unasimama juu tangu kunapambazuka, unapiga kelele, unarusha madongo kwa kombeo. Ukisinzia kidogo tu, kwelea wameshashuka na shamba limeondoka.

Kadia alianguka mara ya kwanza tukiwa kwenye mtumbwi, tunarudi kijijini baada ya mavuno. Alikuwa na miaka minane, amepakata kuku. Nikaona macho yanageuka, mikono inakakamaa, kuku akaruka majini na mtumbwi ukaanza kuyumba. Baba alitupa pondo la kusukumia mtumbwi akamlalia mtoto asidondoke. Mama alipiga magoti akakishika kichwa chake mapajani, akawa anamwimbia kama mtoto mchanga, mpaka tukafika ng'ambo.

Mimi nililia. Wote walidhani namlilia mdogo wangu. Nilikuwa namlilia kuku, na nilikuwa nayalilia yale mapaja. Nilikuwa na miaka kumi na nilishasahau yalivyo.

Kilikuwa kifafa. Kwetu na kwa ndugu zetu wa upande wa Mahenge ugonjwa huu ulikuwa unajulikana sana, na ulivyojulikana ndivyo ulivyoogopwa. Watu waliamini unaambukiza kwa mate. Mgonjwa akianguka, watu hawamkimbilii, wanamkimbia. Na chombo chake cha kulia kinakuwa chake. Anapakuliwa peke yake, anakaa kando, na chombo hakioshwi pamoja na vya wengine. Mgeni akiingia nyumbani na kuona mtu mmoja anakula kando kwenye bakuli lake, haulizi. Ameshajua, na kesho kijiji kizima kitajua.

Bibi alilinunua bakuli hilo juma lile lile. Lilikuwa bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, jipya, zuri kuliko chombo chochote tulichokuwa nacho. Jioni akampakulia Kadia, akamwonyesha pa kukaa, karibu na mlango.

Mama yangu hakuwahi kumjibu mkwewe. Siku ile aliliinua bakuli, akaumwaga wali kwenye sinia yetu, akauchanganya kwa mkono wake.

"Mama, nisamehe," alisema. "Wanangu wanakula pamoja."

Akalipandisha bakuli darini. Bibi akasusa, akala kando yeye mwenyewe siku tatu. Siku ya nne baba alileta kambale mnene, bibi akarudi kwenye sinia kimya kimya. Tulikula na Kadia miaka yote, kila alipokuwa nyumbani, mkono kwa mkono, na hakuna aliyeanguka isipokuwa yeye. Hilo nataka mlikumbuke.

Basi baba akaamua kwamba Kadia hatapanda mtumbwi tena. Na kwa kuwa mashamba yalikuwa ng'ambo, mtoto alipelekwa Ifakara kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anakaa karibu na mto Lumemo. Huko akaandikishwa shule. Atafanya nini kingine? Hawezi kuamia ndege, hawezi kukaa dunguni, akianguka toka juu ni kifo. Kadia asichote maji mtoni. Kadia asikae na moto peke yake. Kadia asipande mti. Na kila "Kadia asifanye hivi" ilikuwa na pacha wake: wewe nenda.

Mimi nikaenda. Mtoni nilikwenda mimi, kuni nilikwenda mimi, dunguni nilipanda mimi.

Na mimi nilikuwa nasoma, tena vizuri. Shule ya kijijini nilikuwa naikosa miezi mitatu na zaidi kila mwaka kwa sababu ya ndege, lakini nilipomaliza darasa la nne nilikuwa wa pili. Mwalimu alikuja nyumbani na baiskeli yake, akavua kofia, akamwambia baba, "Mzee, huyu mtoto apelekwe shule ya kati. Ni mwepesi."

Baba akamuuliza, "Na ndege ataamia nani?"

Mwalimu alinitazama mimi, akaitazama kofia yake, akavaa, akaenda zake. Shule yangu iliishia hapo, kwenye swali moja.

Msimu uliofuata nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Tukiwa dunguni nilijitupa chini, nikakakamaza mikono, nikageuza macho, nikatoa povu la uji niliokuwa nimeubakiza mdomoni makusudi. Nilitaka mama aje na mapaja yake. Mama alikuwa mbali shambani. Aliyekuwa karibu ni bibi, anapepeta. Akanitazama hivi, akapepeta tena kidogo.

"Ukimaliza," akasema, "kuni zimeisha."

Nikaenda kuchanja kuni.

Miaka miwili baadaye Kadia naye akamaliza darasa la nne. Hakuwa wa pili, wala wa tano. Alikuwa wa katikati huko. Lakini baba, yule yule wa ndege, akasema, "Huyu jembe hataliweza. Kichwa ndicho kitakachomlisha. Aende." Akaenda shule ya kati ya bweni, ya masista, huko huko Ifakara, darasa la tano mpaka la nane. Akapewa kitanda, chandarua, sare mbili, na namba yake ya nguo, ishirini na saba. Mimi nilikuwa nalala kwenye kitanda cha kamba na bibi, na bibi alikuwa anapiga mateke.

Herufi zake za kwanza nilimfundisha mimi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Wivu wangu ulikuwa unakula hapo.

Lazima niseme ukweli wa maisha yake huko, ingawa wakati ule sikutaka kuujua. Mama alikuwa amemweleza sista wa zahanati kila kitu. Sista yule akawa anampa Kadia vidonge kila jioni kabla ya rozari, nyuma ya mlango, na kwa wasichana wengine ikasemwa kwamba Kadia anaumwa kichwa. Vidonge vilimlegeza. Alikuwa anasinzia darasani mpaka akaomba ruhusa ya kusimama nyuma ya darasa, akawa anasoma akiwa amesimama, asubuhi nzima. Jikoni walimwondoa kwenye zamu ya moto, akawa anachambua mchele. Mtoni hakwenda bila mwenzake. Na ndani ya kifuniko cha sanduku lake alikuwa anachora kistari cha kalamu kwa kila siku ambayo hakuanguka.

Alinionyesha likizo ya Krismasi. Vistari vilikuwa vimejaa kifuniko, vimeanza kushuka ubavuni.

"Tazama dada, mwaka umepita na zaidi."

"Naona," nilisema. Mimi sikuwa na kitu cha kuhesabu.

Likizo ile ile ndipo alipotoa gauni lake la shule lililombana. Akalikunja vizuri, akanipa.

"Dada, hili halinitoshi tena. Wewe umekonda, litakukaa."

"Kwani mimi ndiye mdogo?"

"Si hivyo, dada. Nimeona lako limechanika mgongoni."

Kila nyumba nguo inashuka, inatoka kwa mkubwa inakwenda kwa mdogo. Kwetu ilipanda. Mama alikuwa anatazama. "Sema asante," akaniambia, kama ananifundisha adabu mbele ya mgeni. Nikasema asante. Halafu Kadia, kwa furaha yake tu, akasema Sista ameahidi kwamba akimaliza darasa la nane atapelekwa ualimu. Atafundisha darasa la kwanza. Atawafundisha herufi.

Msimu mzima wa mvua niliamia ndege ndani ya gauni lile. Kwenye kola ilikuwa imeshonwa namba, ishirini na saba, kwa uzi mwekundu. Ilikuwa inanikwaruza shingoni. Ningeweza kuifumua kwa mwiba, ni kazi ya dakika moja. Sikuifumua. Nilikuwa nataka inikwaruze.

Tukavuna, tukarudi Idete. Mwezi wa saba mama alivimba mguu, na Jumapili ya wageni shuleni ilikuwa imekaribia. Akaniambia, "Nenda wewe. Mpelekee mwenzio mchele mpya."

Nikapanda darini kuchukua kikapu. Chini ya kikapu nikaliona lile bakuli la ukingo wa buluu.

Ningependa kuwaambia kwamba shetani alinipitia. Hapana. Nilikaa nalo pale darini, nikalifuta vumbi kwa kanga yangu, nikalitazama ndani na nje, nikalifunga, nikaliweka chini kabisa kwenye kikapu, juu yake nikapanga samaki wa kukausha. Aliyepitiwa na shetani hafuti vumbi.

Nilitembea, nikapata lori la mchele nusu ya njia, nikalala kwa shangazi. Shangazi akanipikia wali na kambale, akaniazima sinia. Jumapili baada ya misa nilikuwa kwenye lango la shule, miguu imepasuka, nimevaa namba ishirini na saba.

Sista wa zahanati alikuwa langoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Wewe ndiye dada mkubwa? Kadia anakutaja kila siku."

Hata hilo lilinichoma. Nilijua ananitaja kwa wema, na wema wake nilikuwa nimeuchoka.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba msichana akiletewa chakula anakula na wenzake. Kadia akaja na wanne. Tukatandika mkeka kwenye kivuli cha bwalo. Mmoja wao aliitwa Theodora, mtoto wa Mahenge, kitanda chake kilikuwa jirani na cha Kadia, na walikuwa wanashikana mikono kama mapacha.

"Huyu ndiye dada yangu niliyewaambia," Kadia alisema. "Ndiye aliyenifundisha kusoma."

"Shikamoo dada," wakasema wote.

"Marahaba."

Wakanawa mikono. Nikapakua wali kwenye sinia, nikapanga samaki. Halafu nikaingiza mkono kikapuni nikatoa bakuli.

Kadia alilijua hapo hapo. Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, tena nilikuwa naitamani, lakini macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiuliza tu. Mimi nikapakua. Nilimpakulia vizuri, nikamwekea pande kubwa la samaki, lile la tumboni, nikaliweka bakuli mbele yake, nje kidogo ya mkeka.

Mikono ya wasichana ikasimama hewani.

Theodora ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeomba aambiwe amekosea. "Dada, mbona Kadia anapakuliwa peke yake?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema leo ni siku yake, namheshimu. Ningecheka, nikaurudisha wali kwenye sinia kama mama alivyofanya. Kila siku ya maisha yangu nimelijibu swali lile upya, na majibu mazuri yako mengi.

Nikasema, "Ndivyo tunavyofanya nyumbani."

Uongo mtupu. Nyumbani kwetu hatujawahi kufanya hivyo hata mlo mmoja. Mama yangu alimkaidi mkwewe ili jambo hilo lisifanyike, na mimi nikalifanya kwa jina lake.

Theodora alisimama, akasema hana njaa. Wa pili akasema anaitwa. Wengine wakafuta mikono, wakawafuata. Sinia ilibaki katikati imejaa. Kadia akavuta bakuli, akala. Alikula wote, polepole, mpaka punje ya mwisho, mimi nikimtazama. Kisha akanawa.

"Asante dada. Mchele mpya mtamu. Msalimie mama, umwambie apumzishe mguu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi ya yote. Njia nzima nilikuwa naimba.

Yaliyofuata niliyasikia kidogo kidogo, mengine kwa shangazi, mengine kwa Kadia baada ya miaka. Vitanda vya jirani vilisogezwa. Kikombe alichonywea hakuna aliyekigusa. Theodora aliomba kuhamishwa. Sista aliwakusanya wote, akawagombeza, akachukua kikombe cha Kadia akakinywea mbele yao. Haikusaidia. Waliogopa tangu tumboni mwa mama zao, watamsikiliza Sista?

Kadia akawaza hivi, maskini: wakiniona sisinzii tena kwa vidonge, watasahau. Akawa anaficha vidonge chini ya ulimi, akitoka anavitema. Kisha akaomba arudishwe kwenye zamu ya jikoni kama wengine, ili waone kwamba yeye ni mzima. Sista alimkatalia. Siku moja aliingia jikoni bila ruhusa, akashika zamu ya msichana aliyekuwa anaumwa.

Akaanguka mafigani. Wenzake watatu walikuwepo, na wote watatu walikimbia nje kwa kuogopa mate. Mpishi alikuwa ghalani. Mpaka anafika kumvuta, mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye moto muda mrefu.

Baba alimleta nyumbani kwa baiskeli, amemfunga kiunoni kwa kanga asidondoke. Ilikuwa miezi miwili kabla ya mtihani wa darasa la nane. Vidonda vilipopona, vidole vilikuwa vimejikunja vyote kwenye kiganja, havifunguki. Mkono wa mwalimu huo.

Mimi ndiye niliyefungua sanduku lake kupanga nguo. Kwenye kifuniko vistari vilikuwa vimefika mahali vikakatika. Chini kabisa, chini ya sare, nikalikuta bakuli. Alilirudisha. Alikuwa amelifunga kwenye gazeti lisikwaruzike.

Mnajua nilidhani nini siku zile nilipokuwa na wivu? Nilidhani akitoka yeye kwenye kile kitanda, patakuwa na nafasi. Ya nani? Yangu? Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimeshachumbiwa. Kitanda kile alipewa msichana mwingine ambaye simjui hata leo.

Kwetu watu wanaamini kwamba mwenye kifafa akishaungua moto haponi tena. Hata baba aliamini. Akasema, "Dawa za nini sasa? Ameshaungua." Mama akamjibu kwamba vidonge vitaendelea hata kama atavifuata mwenyewe kwa ule mguu wake. Ndipo nikasema nitakwenda mimi.

Nilikwenda kila mwezi, Idete mpaka Ifakara na kurudi, mvua na jua, hata nilipoolewa, hata nikiwa na mimba. Watu wakanisifu. Mama alikuwa ananishika mkono mbele ya majirani na kusema, "Huyu mtoto ana roho nzuri. Dada wa namna hii mtampata wapi?" Na Kadia anakaa pale pale, anachambua kunde kwa mkono wa kushoto, anasikiliza.

Nilikuwa nangoja aseme. Kila sifa ilipotoka nilikuwa nangoja. Siku moja tulipobaki wawili nikashindwa.

"Kwa nini humwambii mama?"

Hakuinua kichwa. "Mama ana watoto wawili," alisema. "Nikimwambia atabaki na mmoja, na huyo mmoja anaanguka."

Sikumuuliza tena. Nilikwenda kuungama kwa padri, nikapewa malipizi, nikayamaliza. Lakini padri hakuwa amepakuliwa peke yake. Mama alikufa akiamini kwamba shuleni walijua kwa umbea wa wasichana, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa asante.

Kadia hakufa, msimlilie. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko umelala kama mpunga baada ya mvua ya mawe, lakini unasomeka. Alifundisha watoto katekisimu na herufi kwenye ukumbi wa kanisa miaka mingi. Aliolewa na fundi cherehani mmoja aliyesema haogopi kitu isipokuwa deni. Vidonge hajakosa hata jioni moja, na ameshasahau lini alianguka mara ya mwisho. Wala si kweli kwamba aliyeungua haponi. Yule pale, ana wajukuu. Na niseme lote: hata leo nikimwona amevaa miwani anasoma, kitu kidogo kinanikuna shingoni, pale pale palipokuwa na namba.

Sasa wewe unayesoma. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa ugonjwa usioisha, unaona anasamehewa kazi, anapewa kipande kizuri, anaulizwa amelalaje wakati wewe huulizwi, najua kinachokutafuna. Mimi sikucheki. Nenda ukaseme. Mwambie mama yako kwamba na wewe unataka mapaja. Sema kwa mdomo, ugombezwe, ulie, yaishe. Usiseme kwa chombo, usiseme kwa jicho, usiseme kwa siri ya mwenzako. Usinywe dawa yake kwa macho ukadhani ni tamu. Kama ni kifafa, akianguka mshike, mgeuze ubavu, mwondoe kwenye moto na maji, na mate yake yakikugusa nenda ukanawe, basi. Kisha kaa ule naye.

Namtembelea kila Jumapili. Ananipokea vizuri, sina la kulalamika. "Karibu dada, shikamoo," ananivutia kigoda, ananiletea maji ya kunawa. Wajukuu wanakaa kuizunguka sinia, naye anakaa katikati yao, anakula kwa mkono wake wa kushoto. Kabla hajakaa anafungua kabati, anatoa bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi hapa na pale, ananipakulia. Ananipakulia vizuri. Ananiwekea pande la tumboni. Analiweka mbele yangu, nje kidogo ya mkeka.

Juzi mjukuu wake mdogo, wa kike, alisimamisha mkono hewani akauliza, "Bibi, mbona bibi mkubwa anapakuliwa peke yake?"

Kadia alinitazama. Hakuwa na hasira.

"Ndivyo tunavyofanya nyumbani," akamjibu.

Nikavuta bakuli nikala, polepole, mpaka punje ya mwisho. Kisha nikanawa, nikamwambia asante, wali mtamu.